Mizinga ya kwanza Lubumbashi: jibu kwa mama wa Bel-Air

Swali: «Jambo Papa. Nakaa Bel-Air, komini ya Kampemba. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita kumi na mbili kwa nane, yenye mwembe mmoja mkubwa na miti miwili ya avoka. Mtu mmoja wa njia ya Kasenga ameniahidi kuniletea mizinga miwili ikiwa na nyuki ndani, kwa pikipiki, kabla mwezi huu wa saba haujaisha. Nina watoto wanne, mdogo ana miaka mitatu. Tuna pia shamba dogo upande wa Kipushi, tunalima mahindi, na pembeni kuna eukaliptusi. Hiyo mizinga niiweke wapi hapa nyumbani, na asali nitaipata lini?»

Jambo Mama. Nitaanza na huyo mtu wa pikipiki, maana ananitia hofu kuliko nyuki wenyewe. Kama hujampa pesa, usimpe.

Mimi pia mzinga wangu wa kwanza uliletwa hivyo. Aliyeniuzia aliuziba mdomo kwa tope na kitambaa, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, akaondoka kijijini saa tatu asubuhi. Alifika kwangu saa saba mchana, jua la mwezi wa kumi likiwa utosini. Nilipoupokea, mikono ililowa. Asali ilikuwa inachuruzika kwenye kona ya sanduku. Nikatega sikio nikitegemea ule mvumo mzito wa nyuki waliokasirika, nikasikia kitu kama sufuria iliyoepuliwa, inayomalizia kuchemka. Nilifungua usiku huohuo. Masega yote yalikuwa yamekatika yakalaliana, na nyuki wamelowa asali, weusi, wanang'aa kwenye mwanga wa tochi, wamekufa kwa maelfu. Waliobaki hai wasingejaza viganja viwili. Walikaa siku mbili chini ya kifuniko, siku ya tatu wakaondoka. Yule bwana akaniambia sina mkono wa nyuki. Kumbe nyuki ndio hawakuwa na hewa.

Nyuki huweka chumba cha watoto wao kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35. Ukiwafungia na kuwatingisha, wanahangaika, joto linapanda, nta inalainika, na sega lililojaa asali linakatika kwa uzito wake lenyewe. Nyuki husafiri usiku, mdomo wa mzinga ukiwa umefunikwa kwa waya wa chekeche unaopitisha upepo. Anayekuahidi kuwaleta mchana kwa pikipiki, ama hajui kazi hii, ama anajua na hajali.

Sasa hiyo nafasi yako nyuma ya nyumba. Kwenye simu utaona picha za Wazungu wanaofuga nyuki juu ya mapaa ya London na Paris, mtoto amesimama kando ya mzinga na kaptula. Nyuki wale ni wa aina nyingine. Wamechaguliwa vizazi kwa vizazi wawe wapole, na wamezoea kupambana na baridi. Wa kwetu amekua kati ya nyegere, siafu, moto wa porini na mtu mwenye shoka, kwa hiyo hana subira ya kuuliza umekuja kufanya nini. Mwaka 1956 mtafiti wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki wa savana kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika ili azalishe nyuki wanaovumilia joto la kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, uzao wao ukasambaa hadi Marekani, na huko wakapewa jina la nyuki wauaji. Hao ni ndugu wa hawa wanaokunywa maji kwenye bomba lako.

Sikwambii hivyo ili uogope. Mzinga uliotulia unaweza kukaa miezi usimdhuru mtu, hata ukapita karibu ukiwa na ndoo kichwani. Taabu inakuja siku moja tu, na hutaichagua wewe. Jirani anatwanga sombe karibu na ukuta, kinu kinatetemesha udongo. Umeme unakatika, mtu anawasha jenereta. Mtoto anarusha jiwe ili aone kitatokea nini. Nyuki mmoja akichoma, anaacha harufu inayofanana kabisa na ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo wito kwa wenzake: hapa, pigeni hapa. Ndiyo maana hatuli ndizi kabla ya kwenda mzingani. Kwenye nafasi ya mita kumi na mbili kwa nane, yenye nyumba pande tatu na mtoto wa miaka mitatu, wito huo hauna pa kuishia. Mbuzi wa jirani aliyefungwa kamba ndiye atakuwa wa kwanza, kwa sababu hawezi kukimbia.

Kwa hiyo Bel-Air usifuge. Bel-Air utege.

Nieleze, maana hapa naugeuza mpango wako wote. Wewe ulitaka kuwatoa nyuki porini uwalete mjini. Mimi nasema uwachukue mjini uwapeleke shambani. Makala yetu, yaani makaa ya kupikia bukari, yameusukuma msitu mbali na Lubumbashi. Ukitoka leo kutafuta muputu, ule mti wa miombo, mkubwa wenye maua, unakwenda kilomita nyingi. Mjini, kinyume chake, kuna chakula. Maembe yanachanua katikati ya kiangazi, avoka zinafuata, na ikifika Septemba na Oktoba jakaranda zinageuza barabara zetu kuwa zambarau. Nyuki wanajua. Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane naanza kuitwa: wako kwenye dari, wako ndani ya spika ya kanisa, wako kwenye tairi bovu nyuma ya gereji. Ni makundi yaliyogawanyika kwa mama yao na sasa yanatafuta nyumba. Hayauzwi. Unachohitaji ni kuwa na nyumba nzuri iliyo wazi siku wapelelezi wao watakapopita.

Na kundi la namna hiyo ni pole kuliko utakavyoliona tena maishani. Tumbo limejaa asali waliyobeba kwa safari, hawana sega, hawana mtoto wa kulinda.

Nenda kwa seremala wiki hii. Mwagize masanduku mawili madogo ya kutegea, na mzinga mmoja mrefu utakaokaa shambani. Yote yawe ya mtindo wa viunzi vya juu, ule uliotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970: sanduku ambalo kuta zake mbili zimelala kama za hori la ng'ombe, chini kama sentimita 20, juu kama 44, kina cha 30. Huo mlalo wa kuta si urembo. Sega huning'inia kama ulimi, na nyuki hawana tabia ya kuligandisha kwenye ukuta uliolala, kwa hiyo utaweza kulitoa bila kisu. Juu unapanga viunzi, yaani vijiti vya mbao vya urefu wa sentimita 48, vimegusana bila mwanya. Kiunzi kimoja, sega moja.

Upana wa kiunzi ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi. Uwe milimita 32. Ukipata kipimo cha 35 ujue kimetoka kwenye vitabu vya Ulaya, kwa nyuki wao ambao ni wakubwa kidogo. Nyuki wetu wakipewa 35 wanaanza vizuri kiunzi cha kwanza, cha pili wanapinda, cha nne sega linavuka kutoka kijiti hiki kwenda kile, na siku ya kufungua unanyanyua kimoja vinakuja vitatu, asali inamwagika, nyuki wanakasirika, nawe unanilaumu. Chukua rula yako mwenyewe. Pima kila kijiti mbele ya seremala, hata akinuna. Chini ya kila kiunzi, katikati, achonge ukingo mwembamba kama mgongo wa kisu. Hapo utapaka nta, na nyuki watafuata mstari huo.

Sanduku la kutegea lichukue viunzi kumi, yaani sentimita 32 za urefu ndani, na mzinga mrefu viunzi 28, kama sentimita 90. Kwa kuwa vijiti ni vya kipimo kimoja, siku ya kuhamisha unavinyanyua tu kutoka huku kwenda kule. Mdomo usiwe mkubwa: matundu saba au nane ambayo kidole kidogo hakipiti. Mbao yoyote kavu inafaa, ila ndani usipake rangi, wala usinunue mbao au mapipa yaliyotoka migodini, hata yakiwa ya bei ya bure. Huwezi kujua yalibeba nini. Bati la juu liwekee nyasi chini yake, la sivyo Oktoba utakuwa umewajengea tanuri.

Utasikia mtu akikusifia mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yanayopandana. Ni mzinga mzuri, lakini unataka seremala asiyekosea milimita tatu, karatasi za nta na mashine ya kuzungushia masega. Uache kwanza. Mzinga wa gome, wa wazee wetu, nao unaheshimika na unatoa asali, lakini kuupata lazima uvue muputu gome lake lote kuzunguka shina, na mti hufa. Yaani umekata jiko ili upate kuni.

Chambo ni rahisi. Nunua kipande cha nta kwa mtu anayeuza asali ya masega, kiyeyushe kwenye kopo lililo ndani ya maji ya moto, usikiweke juu ya moto moja kwa moja kwa sababu nta hushika moto. Paka kwenye ule ukingo wa kila kiunzi, na kidogo ukutani. Kisha chukua majani ya mchaichai, ile sitronela ya chai, yakunje mkononi mpaka yatoe harufu, usugue mdomoni mwa sanduku. Harufu hiyo iko karibu sana na ile ambayo nyuki wenyewe hutoa wanapoitana nyumbani. Sugua tena kila baada ya wiki mbili.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane masanduku yawe juu. Moja kwenye mwembe, mita nne kutoka chini, kivulini, mdomo ukitazama ndani ya matawi, si kwa jirani. La pili lipeleke shambani kwenye eukaliptusi, ujaribu bahati pande zote mbili. Yaning'inize kwa waya, na waya uupake grisi, maana siafu wakipanda usiku mmoja hutakuta kitu. Nenda pia umwambie jirani, na shefu wa avenue. Jirani aliyeambiwa huja kukuita. Asiyeambiwa huja na petroli.

Baada ya hapo ni kutazama tu, bila darubini. Siku za kwanza utaona nyuki wawili watatu wanaingia, wanatoka, wanazunguka sanduku kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Wakifika ishirini au thelathini kwa siku mbili mfululizo, kaa na watoto ndani mchana wa kesho yake. Kundi likija, anga linavuma dakika kumi hivi, halafu kimya. Usipande juu ya mti siku hiyo. Wala wiki hiyo. Kitakachokuambia kwamba wamekubali nyumba ni miguu yao: ukiona wanarudi na vidonge vya njano au vya rangi ya udongo kwenye miguu ya nyuma, hiyo ni chavua, chakula cha watoto. Maana yake malkia ametaga. Kundi lenye watoto halikimbii kirahisi. Lisilo na watoto linaweza kuondoka kwa sababu ya kofi moja kwenye sanduku. Nyuki wetu wana tabia hiyo, wanahama nyumba bila notisi.

Subiri kama wiki tatu. Yai la nyuki mfanyakazi linachukua karibu wiki tatu kuwa nyuki kamili, kwa hiyo hapo ndipo wale wa kwanza waliozaliwa kwako wanaanza kutoka, na sehemu kubwa ya watoto wengine wamekwisha kufunikwa kwenye vyumba vyao. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu kundi likikua na upole wake unapungua, na mdogo wako wa miaka mitatu yuko chini ya mti huo. Jioni kabisa, nyuki wote wakiwa wamerudi, ziba matundu kwa waya wa chekeche, funga sanduku kwa mipira, lishushe taratibu kwa kamba. Tafuta pikapu. Liweke masega yakitazama mbele na nyuma ya gari, kwa urefu wa barabara, ili breki zisiyapige ubavu. Sega changa ni laini kama ngozi ya maziwa. Bel-Air hadi njia ya Kipushi ni umbali wa kutosha. Ungewahamisha kilomita moja tu, kesho yake wangerudi kuning'inia mwembeni wakitafuta nyumba.

Shambani, weka sanduku mahali penyewe pa mzinga mrefu, fungua matundu, ondoka. Siku mbili tatu baadaye, jioni, unahamisha viunzi kwa mpangilio uleule. Mzinga ukae juu ya nguzo nne, kila nguzo ndani ya kopo la mafuta machafu ya injini. Uwe nyuma ya mihogo mirefu au eukaliptusi, mbali na njia ya watu. Mimi sipendi chini ya mita mia. Fyeka nyasi kuzunguka kwa mita tano, tena mapema, kwa sababu moto wa porini hauulizi mzinga ni wa nani. Weka beseni la maji safi lenye mawe ya kukanyaga, usiliache likauke. Huo upande una mabaki ya mgodi na madimbwi yake, na nyuki mwenye kiu hachagui.

Vifaa usivikimbilie vya dukani. Ovaroli ya rangi nyeupe au ya maziwa, kofia pana yenye wavu mweusi usoni, mabuti ya mpira, glavu ndefu. Nguo nyeusi na ya manyoya acha nyumbani, kwao inafanana na nyegere. Bomba la moshi fundi wa makopo atakutengenezea. Litie vibunzi vya mahindi au mavi makavu ya ng'ombe, kamwe si plastiki wala kitambaa chenye petroli. Moshi unafunika ile harufu ya ndizi, na unawafanya wajaze matumbo kwa asali kana kwamba msitu unaungua. Nenda saa kumi na moja na nusu jioni, watu wawili. Puliza moshi mara tatu mdomoni, hesabu dakika mbili, ndipo ufungue upande wa mwisho ulio mtupu. Nyanyua kiunzi wima, usikilaze kamwe. Mara ya kwanza utakayoshika sega jipya juani jioni, jeupe, jepesi, tazama ndani ya vyumba vya katikati: kijiti kimesimama chini kabisa, kama punje ya mchele iliyokatwa mara nne. Hilo ni yai. Ukiliona, funga, malkia yupo, huna haja ya kumtafuta.

Kuchomwa, utachomwa. Kwangua mwiba upesi kwa ukucha, upesi kuliko uzuri, kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Kisha ondoka hapo, nawa. Kuvimba mahali pamoja ni kawaida. Lakini mtu akivimba midomo, akipata vipele mwili mzima, akibanwa na pumzi au kuona kizunguzungu, ni hospitali saa hiyohiyo, usimpe maziwa wala kusubiri ipungue. Kabla hujaanza, uliza nyumbani kama kuna aliyewahi kupata hali hiyo. Kama yupo, asifike mzingani hata kubeba ndoo.

Asali, basi. Kundi likiingia Agosti au Septemba, linakuta muputu na jamaa zake wanachanua, nalo litatumia karibu yote kujenga. Usiguse. Mvua kubwa za Desemba hadi Februari nyuki wanakaa ndani, wanakula akiba; ukiwa umewaibia Oktoba, Januari unakuta sanduku tupu na nondo wa nta, mdudu anayekula masega. Mvua zinapokaribia kwisha, mutondo, mti mwingine wa miombo, unachanua, na hapo ndipo zamu yako, kuanzia Aprili hadi Juni. Kata masega ambayo vyumba karibu vyote vimefunikwa kwa nta nyeupe, ya pembeni tu, mbali na watoto. Isiyofunikwa ina maji mengi. Ikizidi asilimia 20 inachacha, inasukuma kifuniko cha chupa kama bia. Ponda, chuja kwa kitambaa safi, usipashe moto. Waachie masega manane, wana baridi ya Juni na Julai mbele yao.

Mwaka wangu wa kwanza wa kweli, baada ya ule wa pikipiki, nilipata ndoo moja ya lita kumi, haikujaa. Mke wangu aliuza nusu kabla sijaonja. Wewe weka hesabu ya chai ya watoto kwanza, na ile pesa ya mtu wa njia ya Kasenga mpe seremala, baada ya kupima kiunzi cha mwisho.